Ratiba ya Wafiwa

Wenzake ofisini walimwita Ratiba, na jina hilo lilimganda hadi mwenye duka la matairi upande wa pili wa barabara hakujua kama ana jingine. Kazi yake ilikuwa kuwapangia watu safari za mbugani: walale kambi ipi, waingie kwa lango lipi, mwezi gani nyasi zimerefuka kiasi kwamba simba anaweza kupita ubavuni mwa gari asionekane. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, feni iliyogeuza shingo kwa kujivuta, na ramani kubwa ukutani iliyotobolewatobolewa na pini. Mgeni akiingia akasema, "Tunataka kuona tembo, ila mke wangu hataki habari za mahema," Ratiba hakuinua hata macho kuitazama ile ramani. Chai ya mgeni ilikuwa haijapoa, naye alikwisha kumpangia kichwani safari nzima, kwenda na kurudi.

Cha ajabu, mbuga zenyewe alikuwa amezikanyaga mara chache mno. Aliyoyajua aliyapata kwa midomo ya madereva, na hasa dereva mmoja.

Huyo waliyemwita Vumbi alirudi safarini akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Siku ya kwanza kusemezana na Ratiba aliingia ofisini bila kubisha hodi, akaegemea meza, akasema, "Dada, ile barabara uliyotupitisha ni nzuri sana. Kasoro yake moja tu: ipo kwenye ramani, ardhini haipo."

Ofisi nzima ilicheka. Ratiba alinuna, kisha akamwuliza, basi iliyopo ni ipi? Vumbi akamtoa nje, akamchorea kwa kidole kwenye boneti ya gari iliyojaa mavumbi: hapa kuna kilima, hapa kuna mchanga unaomeza magurudumu, hapa ukichelewa utalala porini. Tangu siku hiyo kila akirudi alipitia kwanza kwenye meza ile kabla ya kwenda kuoga. Mambo yakaenda yakienda mpaka wakaoana, wakapata binti. Jioni wakiwa jikoni, yeye akimenya viazi, Vumbi alimsimulia njia. Ratiba alizoea kuwaambia rafiki zake, "Wenzangu mmeolewa na waume. Mimi nimeolewa na barabara."

Kisha wakaja wageni wawili, mume na mke, wapiga picha. Hawakutaka kambi zenye watu. Walitaka mahali ambapo hawatakutana na gari lingine hata moja. Ratiba alikuwa anapajua: nyuma ya magenge ya miamba, mwisho kabisa wa hifadhi, ambako barabara inakwisha na pori linaendelea. Akawapangia huko.

Asubuhi ya kuondoka, wakinywa chai, Vumbi alisema, "Mwezi huu kule si kuzuri sana. Lile korongo likiamua kujaa halipigi hodi."

"Utabiri unasema mvua bado," Ratiba akamjibu. "Wewe endesha, kupanga niachie mwenyewe."

Alisema huku anacheka. Vumbi naye akacheka, akachukua chupa yake ya chai, akamkuna binti yao kichwani, akatoka. Hapakuwa na ugomvi, wala sauti kupanda. Baadaye hilo ndilo lililomuuma Ratiba kuliko yote. Wenzake waliofiwa na waume walikuwa na maneno makali ya kuyajutia. Yeye alikuwa na mzaha.

Mvua haikungoja utabiri. Siku ya pili ya safari ilimwagika mfululizo, na gari likazama kwenye tope mpaka tumboni. Simu kule hazishiki. Vumbi alichimba kwa koleo, akakata matawi akayatandika chini ya magurudumu, akachimba tena. Aliposhindwa aliwaachia wageni maji na chakula, akawakataza wasifungue mlango hata wakisikia wanaitwa, akaanza kutembea kuelekea kituo cha askari wa wanyamapori. Kesho yake askari wa doria waliwakuta wale wageni ndani ya gari, wazima, wametoa macho. Wageni wakauliza, "Dereva yuko wapi?" Askari nao wakauliza swali lilelile.

Walimtafuta kwa magari, kwa miguu, na kwa ndege ndogo. Walichopata ni koti lake, limening'inia kwenye mti wa miiba kando ya korongo. Zaidi ya hapo hawakupata kitu. Mvua iliendelea kunyesha, na nyayo zote zilizokuwapo zikafutika.

Mama mkwe wa Ratiba alifika siku ya tatu. Alikuwa bibi mfupi mwenye magoti mabovu na ulimi uliokuwa mzima kabisa. Sebule ilijaa majirani. Aliketi, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, kisha akamnyooshea kidole mkwewe mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye aliyemtuma."

Mdogo wake Vumbi, fundi wa kuchomelea vyuma, alikohoa akatazama sakafu. Wangejibu nini? Kumtuma ndiko hasa kulikokuwa kazi ya Ratiba. Aliinuka akaingia jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Ikafuata miezi isiyo na jina. Mtu aliyepotea bila mwili kupatikana, sheria humhesabu kuwa hai mpaka miaka ipite, kwa hiyo Ratiba hakuwa mke wala mjane. Majirani wakikutana naye kwenye ngazi hawakujua waseme "pole kwa msiba" au "Mungu atamrudisha," basi wengi waliona heri waulizie habari za maji ya bomba. Binti yake alianza kupeleka shuleni viatu vya baba yake ndani ya mkoba. Mwalimu alipouliza, mtoto akasema anavipeleka vikapate jua. Mama mkwe alikaa kwa yule fundi, mtaa wa mbali, na hakutuma hata salamu.

Mpaka siku moja, jua limekwisha kukausha barabara zote, fundi akaja ofisini na nguo zake za kazi, vidole vimeunguzwa na cheche.

"Shemeji, mama anataka kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Huko. Anasema hawezi kumlilia mtu mahali asipopajua." Fundi alivuta kiti lakini hakukalia. "Na anasema wewe ndiye upange. Samahani, shemeji, nakupa maneno kama alivyonipa. Alisema, 'Si ndiyo kazi yake?'"

Ratiba alitazama nje. Upande wa pili mwenye duka la matairi alikuwa anaviringisha gurudumu bila haraka. "Mwambie nitapanga," akasema.

Akapanga. Hakuwahi kupanga safari kwa uangalifu kama ule. Alihesabu vituo kwa magoti ya mama mkwe, si kwa mandhari. Alitafuta kambi zenye choo cha kukalia. Gari la ofisi lilikuwa refu kutoka ardhini, kwa hiyo alimwomba fundi achomelee kingazi cha ziada chini ya mlango. Fundi akakichomelea kwa siku nzima, kazi ambayo kwa mteja angeimaliza kabla ya chakula cha mchana. Dereva alimchagua yule waliyemwita Breki, rafiki wa Vumbi, aliyeendesha polepole hata kwenye lami na kuombea kila kona. Dawa za presha, mablanketi, unga wa uji, maji, kila kitu kilikuwa na mahali pake.

Sehemu moja tu ilimshinda. Kwenye safari za wageni, siku ya kufika huandikwa "kupiga picha, chakula cha mchana, kupumzika." Hakujua watu waliofiwa wakifika hufanya nini. Akapaacha wazi.

Walifika langoni siku ya pili asubuhi. Karani wa lango, kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likasimama, aliwapungia mkono kwa furaha. "Karibuni sana! Watalii wangapi?"

"Sisi si watalii," fundi akasema.

"Watafiti?"

"Hapana."

"Mmekuja kikazi?"

Mama mkwe alitoa kichwa dirishani. "Andika tumekuja kumtafuta mtu."

Kijana akabaki na kidole hewani juu ya mashine yake ya kukatia vibali. Alimtazama bibi, akamtazama Breki aliyemfahamu, na kidogokidogo uso wake ukabadilika. "Mama, poleni," akasema kwa sauti ya chini. "Ila hii mashine haikubali hivyo. Lazima nichague kimojawapo."

"Weka watalii," Ratiba akasema.

Mama mkwe akarudisha kichwa ndani. Lakini mwendo mzima kutoka pale Ratiba, aliyeketi mbele na Breki, aliyahisi macho yake kwenye kisogo.

Hifadhi haikujua kwamba wao ni wafiwa. Ilijionyesha yote. Pundamilia walivuka barabara wakijidai, ngiri wakakimbia mikia juu, na kwenye bonde moja twiga walisimama wakatafuna majani huku wakiwatazama wapitaji kama akina shangazi kwenye baraza. Binti aliruka kwenye kiti. "Bibi, tazama! Bibi, anatucheka!" Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, kama aliyetukana mbele ya wakubwa.

Bibi akatazama. Mbele kidogo tembo walikuwa wanavuka, mama na ndama wake na wengine nyuma, na Breki akazima injini. Walipita karibu kiasi cha kusikia ngozi zao zikikwaruza majani.

"Kumbe ni wakubwa hivi," mama mkwe akasema. "Alikuwa ananieleza kwenye simu, nikidhani anatia chumvi."

"Kwa tembo hakuhitaji chumvi, mama," Breki akajibu. "Chumvi yote aliimalizia kwenye habari za mpira."

Wakacheka, hata bibi. Kicheko kilipoisha kila mmoja alitazama dirisha lake mpaka magenge yakaonekana.

Kituo cha askari kilikuwa nyumba moja ya bati, bendera na tangi la maji. Aliyewapokea alikuwa askari mkongwe, mwembamba, bunduki begani. Ndiye aliyeongoza msako. Aliwaamkia, akawapa maji, kisha akatangulia mbele bila maelezo mengi. Hawakutembea sana. Walipita vichaka vichache, na hapo chini pakawa na korongo.

Lilikuwa kavu, na mchanga mweupe umetandaa ndani yake mpana kama barabara. Ndege wadogo walikuwa wanaoga vumbi katikati.

"Hili ndilo?" mama mkwe akauliza. "Hili? Hata kuku anavuka."

"Leo anavuka, mama," askari akasema.

"Mwanangu aliliwa na nini? Niambie. Usinifiche kwa sababu ya uzee wangu."

Askari aliteremsha bunduki akaishika kwa mikono miwili. "Mimi sikuona, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini nimekaa hapa miaka mingi, na nadhani hakuliwa. Nadhani ni maji. Koti lilikuwa ng'ambo ile, kwenye miiba ile, na lilikunjwa na kutundikwa. Hakuvuliwa na mnyama. Alilivua mwenyewe apate kuogelea."

"Alikuwa akija huku kwenu."

"Ndiyo."

"Kutoka pale mpaka kwenye bati lenu ni hapa na hapa tu."

"Ndiyo, mama. Taa yetu ilikuwa inawaka. Bila shaka aliiona."

Fundi aligeuza uso. Mama mkwe hakugeuza. "Akiita, mngemsikia?"

Yule mzee alitazama nyuma kuelekea kituo. "Mvua ilikuwa inapiga bati," akasema. "Tulikuwa sita ndani, na hatukusikiana hata sisi kwa sisi."

Ratiba ndiye aliyeuliza swali la mwisho, ijapokuwa jibu alikuwa nalo. "Kuna njia ya kuzunguka, kule juu kwenye mgongo wa kilima. Aliijua. Alinichorea mwenyewe."

"Ipo. Lakini ukiifuata unafika hapa asubuhi. Yule mgeni wa kike alituambia kwamba alikuwa analia kwa hofu, na dereva akamwahidi kwamba watakuja kuchukuliwa kabla giza halijaingia." Askari alitikisa kichwa. "Kumwahidi mtu anayelia ni kazi rahisi sana."

Mama mkwe alitaka kushuka mchangani. Fundi akamshika mkono, akaukwepa. Akajaribu mwenyewe, hatua moja, ya pili, na goti likamsaliti akabaki ameshikilia mzizi. Alivuta pumzi. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Wewe. Njoo."

Ratiba akatazama nyuma kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

"Wewe, ndiyo. Usidhani nimekusamehe. Nishike tu. Magoti haya hayajui ugomvi."

Wakashuka pamoja, bibi amemwegemea uzito wote, na Ratiba akashangaa jinsi mwili ule mdogo ulivyokuwa mzito. Walipofika chini mama mkwe aliketi kwenye mchanga, akanyoosha miguu, akaanza kumwita mwanawe kwa jina ambalo Ratiba hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa, jina la kitoto, la nyumbani. Alilia huku akigomba, kama mama anayemkaripia mtoto aliyechelewa kurudi kutoka kisimani. Umekwenda wapi? Nani alikutuma? Hukuona maji? Binti naye akashuka, akakaa kando ya bibi yake akaanza kuukusanya mchanga kwa viganja na kuumwaga.

Ratiba alisimama. Machozi hayakuja. Macho yake yalikuwa yanafanya kazi yaliyoizoea. Aliona kwamba pale askari alipowaonyesha, korongo linapinda, na mtu akiwa katikati hawezi kuona maji yanayokuja nyuma ya kona. Aliona kwamba juu kidogo kuna mwamba na mti ulioinama, na kwamba aliyevukia pale angepata pa kushika. Angetangulia mguu wa kulia, angeshika tawi, angepumzika kwenye mwamba, kisha ng'ambo. Alijikuta anampangia. Alikuwa katikati ya kumpangia mumewe namna ya kuvuka mto uliokwisha kukauka, na alipong'amua anachokifanya alianguka kwa magoti kwenye mchanga, na sauti iliyomtoka iliwarusha wale ndege wote.

Mama mkwe alimtazama. Hakumkumbatia. Alinyamaza tu, akamwachia naye nafasi ya kulia.

Waliporudi mjini familia ilikubaliana kumuaga Vumbi bila jeneza na bila kungoja sheria. Watu walikuja, wakaomba, wakala, wakaondoka. Sasa majirani walijua la kusema, wakasema "pole," na Ratiba akaitikia. Viatu vilirudi kabatini. Mama mkwe alirudi kwake mbali, na siku ya kuondoka alimpa mkwewe mkono, mkono mkavu, akauondoa upesi.

Ratiba aliporejea kazini alimwambia mwenye ofisi kwamba hatapanga tena safari ya kule nyuma ya magenge wakati wa mvua. Mwenye ofisi hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa kabisa, na tangu hapo wageni waliotaka kwenda huko aliwapeleka kwenye meza ya pili.

Mvua zilipoanza tena, simu ya Ratiba ililia mchana mmoja. Alikuwa mama mkwe. Hakutoa salamu, wala hakuulizia afya.

"Huko mvua imeanza?"

"Imeanza, mama."

"Na kule?"

Ratiba alitazama taarifa ya hali ya hewa mbele yake. "Kule pia."

Alisikia kuku upande wa pili, na mtu akipasua kuni. "Hampeleki watu," mama mkwe akasema, na haikueleweka kama anauliza au anaamuru.

Nje ya dirisha Breki alikuwa anafunga mahema juu ya gari, na wageni wanne wa meza ya pili, wenye makoti mapya ya mvua, wanapigana picha kando ya mlango. Mmoja wao alikanyaga kile kingazi cha fundi, akakisifu kwa uimara.

"Hatupeleki, mama," Ratiba akasema.

"Haya."

Simu ikakatika. Ratiba akaiweka mezani. Breki aliingia kuchukua funguo, akaona uso wake, akasimama.

"Pitia mgongo wa kilima," Ratiba akamwambia. "Hata wakilia."